Kibuyu cha Marselina

Jumatatu, 19 Mei

Daktari wa mbegu amerudi. Si daktari wa sindano. Huyu anatibu njugu. Anaitwa Faith, binti mdogo, kofia kubwa, viatu vya mvua katika nchi ambayo mvua imetususa. Amesema njugu mawe zake za majaribio zitang'olewa mwanzoni mwa Juni.

Nilikwenda kutazama tu. Kucheka kidogo, basi. Maana mwezi wa pili, wakati njugu za watu wenye akili zimeshatoa maua, yeye ndiyo kwanza anapanda. Nilimwambia pale pale shambani, mbele za watu, kwamba amechelewa. Akasema amechelewa makusudi. Anataka mvua iziache njiani, jua lizichape, aone ipi itavumilia. Nikasema tangu nizaliwe sijaona mtu anapanda gari la serikali kuja kutesa mboga. Watu walicheka sana. Alipoomba mbegu za wenyeji nikamnyima. Mbegu za marehemu mke wangu haziendi kuchapwa. Marselina alinivumilia mimi, inatosha. Ukame ni nini?

Leo nimekuta vipande vyake vyote vya shamba vimelala kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Vingine vina majani lakini yamekunjamana. Kimoja tu kimesimama. Majani madogo, vumbi tele, ila kimesimama. Nikauliza cha nani. Daktari akasema cha mzee Awadhi.

Awadhi!

Daktari alipogeuka nikachimbua kwa kidole. Ganda moja tu. Nikalipasua. Njugu nyeupe kama maziwa, jicho jeusi, na kando ya jicho vikope, kama mwari aliyepaka wanja. Mbegu hiyo Nachingwea nzima alikuwa nayo mtu mmoja. Nami nimekaa naye nyumba moja mpaka nikamzika.

Najua ilikofika. Babu yake Awadhi na babu yangu walinyang'anyana mtama wakati wa njaa, wakapatana, na tangu hapo ukoo wake na wangu ni watani. Mtani akija msibani kwako anachukua anachotaka, nawe hununi. Ukinuna umevunja utani. Siku tunamzika Marselina, Awadhi alijifunga kanga ya marehemu, akaingia jikoni kwetu, akatoka na kibuyu kimoja cha mbegu kati ya viwili vilivyokuwa juu ya mafiga. Akacheza nacho uani. Akasema mtani wake wa kike amemwachia urithi. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mimi pia nilicheka. Ndiyo kazi ya mtani, kukuchekesha siku usiyoweza kucheka. Lakini sikujua mwenzangu anaiba kwa ajili ya kupanda!

Sasa balaa lenyewe. Daktari anasema mbegu ikifaulu hapa, na Ruponda, na Kilimarondo, na kule Mbwemkuru upande wa Ruangwa, ataiozesha na mbegu nyingine zenye sifa zao. Nikamuuliza mahari anapokea nani. Hakucheka. Akasema aliyeitoa ndiye atakayeulizwa jina la kuiita.

Jina! Litaandikwa kwenye mifuko. Mtu atasimama dukani aseme, nipimie Awadhi. Mke wangu aitwe Awadhi! Kwa haki, kama kuna jina la kuandikwa pale, ni la mwenye mke. PROTASI. Linapendeza hata ukiliandika kwa mkaa.

Nikamwambia daktari ukweli wote. Alinisikiliza vizuri, sikatai. Akauliza, babu, nyumbani unayo mbegu hiyo tulinganishe? Nikasema ninayo kibuyu kizima.

Jioni nikakishusha. Kilikuwa pale pale juu ya mafiga alipokiacha mwenyewe. Nikakitikisa. Kimya. Nikamimina kwenye ungo. Unga. Unga na fukusi, wamenona, wananitazama kama wapangaji waliogongewa mlango na mwenye nyumba.

Nikakaa palepale sakafuni.

Jumanne, 20 Mei

Fukusi wale wametumwa. Nimemwambia Prisila. Prisila ni binti yangu, nyumba yake na yangu zinatazamana, nakula kwake tangu mama yake aondoke. Ana jiko la gesi, linalia shii kama nyoka. Amesema baba, fukusi hawatumwi, wanakwenda kwenye mbegu iliyosahauliwa. Mtoto niliyemsomesha.

Lakini mimi si mtu wa kulia mbele ya ungo. Nimepanda bodaboda mpaka Ruangwa sokoni. Njugu nyeupe zipo, safi, ila hazina macho. Macho si kitu. Nimeazima kalamu ya Prisila ya wino. Nimeshinda barazani nazichora jicho moja moja, na vikope vyake. Kazi ya mikono ya ujana, na yangu inatetemeka. Nyingine zimetoka na makengeza. Moja inafanana na katekista wetu kabisa, nimeiweka pembeni.

Ukiziangalia kwa mbali, huku unatembea, ni za Marselina.

Jumatano, 21 Mei

Nimezipeleka. Daktari alizipokea kwa mikono miwili, akanishukuru. Akasema anataka kuona kama zina uhai. Akazitia kwenye glasi ya maji.

Hilo la maji hakuna aliyenitajia!

Maji yakawa bluu. Njugu zangu zote zikawa vipofu mbele za watu. Binti yule hakunifokea. Alitazama glasi, akasema taratibu, babu, hizi zinalia.

Na nani alikuwa nyuma yangu? Awadhi, amekalia baiskeli, anatafuna muwa. Akasema mtani, wapeleke hospitali ya misheni, hao wana ugonjwa wa macho. Akaongeza kwamba mwanamume mzima kushinda anapaka njugu wanja ni dalili ya ujane kukomaa. Watu wakaanguka. Mimi nikacheka kuliko wote. Utani ni utani. Moyoni nilikuwa natafuta jiwe.

Daktari akanivuta pembeni. Akasema anaamini mbegu ni ya mke wangu, ila kwenye karatasi za utafiti anaandika aliyeileta. Akanieleza pia kwamba kule kituoni mbegu wanazitunza kwenye chumba chenye baridi kali, mwaka mpaka mwaka, na mdudu hapati hata pa kutia mguu. Nikamwambia chumba cha baridi cha njugu ni anasa, mimi mwenyewe sina. Hakucheka tena. Nadhani anachoka na mimi.

Ijumaa, 23 Mei

Nimepata! Nashangaa kwa nini sikuanzia hapa.

Kibuyu kiliondoka kwa utani. Kitarudi kwa utani. Msiba ukitokea kwa Awadhi, naingia jikoni kwake kama alivyoingia kwangu, nachukua changu, na mbingu zenyewe hazina neno. Mbegu ikiwa mkononi, jina liko mdomoni.

Kinachokosekana ni msiba.

Simwombei mtu mabaya. Naangalia tu. Awadhi mwenyewe bado anatafuna muwa kwa meno aliyozaliwa nayo, hafai. Mkewe Mwamina anapandisha ndoo mbili za maji kilima kile bila kuhema, hafai kabisa. Lakini yupo Bi Tunu, shangazi yake Awadhi. Ametolewa Ruponda anaumwa, amelazwa kitanda cha kamba barazani kwa Awadhi. Mzee kuliko barabara. Nimekwenda kumjulia hali. Utu ni kumjulia mgonjwa hali.

Nikamwamkia, shikamoo mtani. Akafungua jicho moja. Akaitika marahaba, kisha akauliza kama nimekuja kumpima urefu. Nikasema Mungu apishe mbali, ninaleta salamu. Akasema salamu zenyewe mbona zinachungulia jikoni?

Kweli nilikuwa nachungulia. Kibuyu kile nimekiona! Kiko juu ya mafiga ya Mwamina, kimekuwa cheusi kwa moshi, lakini alama ya Marselina ipo, ile aliyoichoma kwa msumari wa moto shingoni. Alikichoma siku moja tumegombana. Alisema anaweka alama ili nikimfukuza ajue vya kuchukua.

Nimeaga mapema.

Jumapili, 25 Mei

Misa. Padri amehubiri juu ya kutotamani mali ya jirani. Maneno mazuri, yalimfaa Awadhi sana, ila Awadhi ni Mwislamu, hakuwepo. Mahubiri siku zote yanawakuta wasiohusika.

Baadaye nikapeleka jogoo kwa mgonjwa. Akiwa hai, wachinje wenyewe, najua taratibu zao. Nia ilikuwa njema. Nilitaka siku ikifika mtu asiseme Protasi alikuja kuchukua tu hakuleta.

Bi Tunu amekunywa mchuzi. Bakuli la kwanza. La pili. Akaomba paja. Akakaa kitako! Mtu ambaye Ijumaa alikuwa anafungua jicho moja kwa zamu! Akadai ugoro. Akatema. Akasema jogoo wa mtani ni mtamu kwa sababu hatoki moyoni.

Nimemfufua mwenyewe kwa mkono wangu.

Halafu akaanza kusimulia enzi za reli, mabibi wa Ruponda walivyokuwa wanauza mihogo kwa Wazungu wa mradi wa karanga wakiiita mkate wa miti. Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma. Nimerudi nyumbani jua linazama, nikakumbuka njiani kwamba sikutazama kibuyu hata mara moja.

Jumatano, 28 Mei

Nimekwenda tena. Kuangalia maendeleo tu.

Si mazuri. Yaani kwake si mazuri. Amerudi kulala. Sauti imekuwa ndogo, inabidi uiname. Nimeinama.

Alikuwa anazungumza habari za Marselina. Kumbe mwaka mmoja wa njaa, sisi tukiwa na watoto wadogo, Marselina alikwenda kwa miguu mpaka Ruponda na njugu amezifunga kwenye pindo la kanga, akamgawia yeye na wenzake. Mimi sikujua. Mimi wakati ule nilikuwa na mpango wangu wa kufuga nyuki. Bi Tunu alimuuliza kwa nini anagawa mbegu wakati kwake watoto wanalia. Marselina akamjibu kwamba mbegu ni kama moto wa jikoni. Ukimgawia jirani, siku wako ukizimika unajua pa kwenda kuomba kaa.

Nikamwekea mto vizuri. Si kawaida yangu.

Mwamina alikuwa anachochea kuni, macho yake mekundu. Akaniuliza, shemeji, kibuyu kilichobaki kwako kiko wapi? Nikasema kimeliwa. Akauliza jiko la marehemu linawaka? Nikasema nakula kwa Prisila, ana gesi. Akatingisha kichwa. Akasema fukusi haogopi kibuyu, anaogopa moshi, na mbegu isiyopata moshi ni chakula chao tu. Wanawake na moshi! Nikamwambia mbegu si samaki.

Bi Tunu akanishika kidole. Akasema, mtani, washa mafiga yale. Basi. Hakuongeza neno.

Kisha akacheka kidogo, kikohozi nusu. Akasema nikifa usimwachie mtu kibuyu chako, nitakuandalia mimi mwenyewe, ukikuta kizito ujue nimekukumbuka. Nikasema usiseme hivyo, bibi. Akasema mbona uso umekung'aa?

Nimepita jikoni kwetu wakati wa kurudi. Jivu la moto wake Marselina bado liko katikati ya mafiga. Aliliacha asubuhi ile, alisema atalizoa akirudi kutoka hospitali. Sasa nikiwasha moto si nitalifunika? Sina haja. Sina njaa ya kiasi hicho.

Ijumaa, 30 Mei

Bi Tunu amefariki alfajiri. Amezikwa baada ya sala ya Ijumaa.

Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Nimevaa gunia, ungo kichwani badala ya kofia, kama inavyotakiwa. Walipobeba jeneza nikajilaza njiani. Nikasema hapiti mtu, bibi huyu ameondoka na jogoo wangu tumboni, amtapike kwanza. Watu wakaangua kicheko. Mashehe wakageuka pembeni, mabega yanatikisika. Awadhi alikuwa ameshika upande wa mbele wa jeneza, macho yamemvimba, nikaona mdomo wake unapigana na kicheko mpaka ukashindwa. Akasema, mtani, ondoka njiani, wewe hata kufa utachelewa makusudi. Nikaondoka. Nilikuwa nimefanya kazi yangu. Niliwaza, na mimi aliwahi kunifanyia hivi.

Halafu nikaingia jikoni. Hakuna aliyenizuia. Nikakishusha kibuyu. Kizito! Nikajifunga kanga ya Bi Tunu, nikacheza uani, nikasema amenipenda kuliko ninyi wote. Mwamina akapiga kigelegele kimoja, kisha akafunika uso kwa kanga. Nikadhani analia.

Nimefika nyumbani, nikafunga mlango, nikatandaza mkeka mzuri. Nikamimina.

Mawe.

Mawe madogo ya mtoni, mviringo, yameoshwa vizuri. Kibuyu kizima. Hakuna hata njugu moja.

Nimeyatazama sana. Nilitaka njugu mawe. Njugu wamebaki nazo, mawe nimepewa.

Jumamosi, 31 Mei

Nimekwenda matangani. Ukinuna umevunja utani, na mimi sivunji. Nilibeba jiwe moja mfukoni, nikamwonyesha Mwamina.

Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema si yeye, si Awadhi. Ni shangazi. Alituma aletewe mawe ya mtoni, akayaosha kwenye bakuli kitandani, akayatia kibuyuni moja moja, mikono inatetemeka kama yangu ilivyokuwa na kalamu. Akichoka analala, akiamka anaendelea. Anacheka, anakohoa. Alisema mtani wetu anataka njugu mawe, njugu ziko ardhini kwa daktari, haya mengine yake.

Mtu anakata roho, na pumzi iliyobaki anaitumia kuniudhi. Katika maisha yangu yote sijaheshimiwa hivyo.

Kisha Mwamina akaacha kucheka. Akaniambia lililo zito. Msimu huu nusu ya mbegu walimpa daktari, nusu wakapanda kwao bondeni. Mvua siku hizi ni kama mgeni mlevi, hujui atakuja lini, na akija anavunja vyombo. Ilikuja mara moja, ikasomba bonde, ikatokomea. Jua likamalizia. Kwao hakuna kilichobaki. Za Ruponda zilikwisha zamani. Kwangu fukusi. Kilichobaki cha Marselina duniani ni kile kipande kimoja chenye majani madogo.

Moshi wa jikoni kwa Mwamina ni mkali sana. Macho yangu yamewasha mpaka jioni.

Jumapili, 1 Juni

Sikwenda misa. Mungu anisamehe, nilikuwa na kazi. Nimechukua kijembe kidogo, nikakificha ndani ya koti, nikaenda shamba la daktari wakati Wakristo wako kanisani. Nia yangu mashina machache tu. Nani angejua?

Awadhi yuko pale. Ameweka kigoda ukingoni mwa kipande, kombeo mkononi. Akasema karibu mtani, nilijua utakosa misa. Nikasema napita tu. Akasema na kijembe kinapita?

Akanisogezea gogo. Akadai anawinga ngedere. Mimi sikuona ngedere ila yeye. Akanikatia muwa, akakumbuka sina meno ya upande ule, akanimenyea vipande vyembamba. Tukakaa. Jua lilikuwa linapiga ardhi mpaka inapasuka kama kisigino. Zile njugu za pembeni zimekunja majani. Zetu nazo zimeyasimamisha wima, ubavu kwa jua, lisizipate sana. Awadhi akasema angalia zinavyoligeuzia jua bega. Nikasema Marselina alikuwa ananifanyia hivyohivyo nikirudi nimelewa.

Awadhi akakiri kwamba naye alimwogopa.

Tulikaa mpaka adhuhuri ikapita.

Jumanne, 3 Juni

Wameng'oa.

Watu wengi, kijiji chote na wengine wa Ruponda. Nilivaa koti. Nilikuwa nimejizoeza maneno usiku kucha: Jina la mbegu hii ni Protasi. Nilijaribu kwa sauti nzito na kwa sauti ya unyenyekevu. Ile nzito ni bora.

Daktari akaanza na kipande chenye majani makubwa kuliko vyote, yamekunjamana lakini tele, watu walikuwa wanakipigia makofi tangu asubuhi. Akang'oa. Chini mizizi tu, na vijiganda viwili vitupu kama masikio ya panya. Akang'oa cha pili. Hivyo hivyo. Cha tatu maganda yapo, ndani njugu zimesinyaa. Wengi wetu ndivyo tulivyovuna mwaka huu, tulikuwa tunaangalia mashamba yetu.

Akafika chetu. Vimti vifupi, vya vumbi. Marselina naye alikuwa mfupi. Daktari akapiga magoti, akashika shina, akavuta polepole. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mtu. Nilipoangalia ulikuwa wa Awadhi.

Maganda. Yamening'inia kama watoto wameshika pindo la mama yao. Akapasua moja. Jicho jeusi, vikope. Likatutazama.

Wanawake wakapiga vigelegele. Daktari naye, ambaye hajawahi kucheka utani wangu hata mmoja, alikuwa anafuta uso kwa kofia. Akasema bado, misimu bado, lazima ijaribiwe huku na huku kabla haijaenda dukani, asije mtu akasherehekea mapema. Lakini hii ameiona. Ina kitu cha kuwapa wenzake. Akafungua karatasi, akamuuliza mzee Awadhi aiite nani.

Awadhi akasimama. Akasafisha koo. Akasema mbegu hii ni ya wizi. Niliiba msibani kwa mtani wangu huyu, mbele ya mashahidi, nao walicheka. Mwizi hampi jina mtoto wa watu. Muulizeni mwenyewe.

Akakaa. Wote wakanigeukia.

Hapo ndipo! Nikasimama. Nikafungua koti. Nikavuta pumzi kwa ajili ya ile sauti nzito. Nikatazama lile jicho kwenye kiganja cha daktari.

Nikasema Marselina.

Nilitaka kusema Protasi! Ulimi umeteleza. Nilikuwa nimekula muwa. Nikataka kurekebisha lakini daktari ameshaandika, na watu wameanza kulitaja, Marselina, Marselina, wanaume kwa wanawake. Prisila akalia kwa sauti. Nikaona aibu kusema ni makosa.

Nyingi amezichukua daktari, za kupanda kwingine na za kile chumba chake cha baridi. Fungu la mtoaji akampa Awadhi. Awadhi akaligawa juu ya kofia yake, kiganja changu, kiganja chake. Akaniambia, mtani, ukizipoteza hizi usije kwangu na kijembe, subiri nife.

Jumatano, 4 Juni

Nimeamka na mpango mpya. Nitakwenda kituoni kwa daktari, nimwambie kuna neno limesahaulika. Neno moja tu, nyuma: Marselina wa Protasi. Kwenye mfuko nafasi ipo. Nitampelekea jogoo. Huyu binti hajui majogoo wangu wanavyofanya kazi.

Mwamina alipita asubuhi kuulizia mbegu. Akanikumbusha tena, moto, shemeji, hata wa magunzi, hata kidogo kila jioni. Nikaitikia. Mwanamke aliyekupigia kigelegele jana humbishii leo. Prisila naye akaja na kuni kwapani, akasema baba, niwashe mimi? Nikamwambia aziache nje.

Nimemwaga mawe ya Bi Tunu pale kizingitini, moja moja, nimeyapanga vizuri. Nimetia njugu za mke wangu kibuyuni. Kiganja kimoja. Zimelia kidogo zilipoingia, kama mtu anaingia nyumbani kwake anasalimia. Nimekitundika pale pale juu ya mafiga. Jivu lake sijaligusa.

Moshi wa nini? Watu wa zamani walikosa elimu. Daktari, mtu mwenye shahada, alinieleza mwenyewe kwa mdomo wake kwamba mbegu inataka baridi. Na kwa baridi, sisemi kwa majivuno, hakuna jiko linaloshinda langu, Nachingwea na Ruangwa ukiziunganisha. Nimeweka kiganja juu ya figa ili nihakikishe.

Baridi kama jiwe.

Tulia hapo, mama. Mimi nakwenda kula kwa Prisila.